Sifa za Hablo, Hablas, Habla

Vitenzi vikaidi vya Kihispania vimekwisha kusifiwa vya kutosha. Ser, ir, tener, haber, decir: kila kimoja kina vituko vyake, na walimu huvizungumzia kwa ile huruma iliyochanganyika na fahari ya mzazi mwenye mtoto mtundu. Vimeandikiwa vitabu vizima. Vile vitiifu, vinavyoishia na -ar, -er na -ir na visivyomsumbua mtu, hupewa ukurasa mmoja mwanzoni mwa kitabu, na mwanafunzi akishaupita harudi nyuma. Leo nimesimama kuvitetea, tena katika wakati uliopo, mahali ambapo dharau dhidi yao imezidi. Naomba utulivu ukumbini.

Kwanza, ukarimu wao. Kitenzi ambacho wanafunzi wengi hukutana nacho mapema kabisa ni hablar, kuzungumza. Ng'oa -ar, bandika -o, na papo hapo mtu ambaye jana hakujua hata salamu anatangaza: hablo español, nazungumza Kihispania. Ni uongo mtupu, lakini hauna kosa hata moja la sarufi. Ni lugha ngapi zinazompa mgeni uongo uliokamilika namna hiyo kabla hata hajamaliza daftari la kwanza?

Jedwali lenyewe si refu. Hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan. Comer, kula: como, comes, come, comemos, coméis, comen. Vivir, kuishi: vivo, vives, vive, vivimos, vivís, viven. Ukitazama vizuri utaona kwamba hivi viwili vya mwisho vina miisho ile ile, isipokuwa kwenye "sisi" na "ninyi". Kilatini kilikuwa na makundi manne ya vitenzi. Kikastilia, ndicho hiki tunachokiita Kihispania, kikayabana yakawa matatu, na kundi la -ir likaachiwa utambulisho wake pale tu watu wanapokuwa wengi. Likiwa peke yake linajifanya -er. Mwenye macho ataona hapo tabia ya binadamu, lakini mimi nimekuja kusifu, sikuja kuchimba.

Sisi wa Kiswahili humtaja mtendaji mlangoni: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Neno halijafika katikati, mhusika keshajulikana. Kihispania humficha mpaka mwisho. Mtu akianza kusema com-, kila aliye mezani anajua kwamba kuna kula, ila hajui ni nani anayekula, na hapo kila mmoja anaishika sahani yake vizuri hadi irabu ya mwisho itakapotoka. Msisimko huo Wahispania wanaupata bure, mara tatu kwa siku. Na tuseme kweli, lugha hii imetupendelea: irabu zake ni zetu, a, e, i, o, u, na katika maumbo sita ya jedwali matano hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyokaza sisi. Linalokataa ni moja, umbo la "ninyi".

Na umbo hilo la "ninyi" ndilo ninalolipenda kupita yote. Kuanzia Mexico hadi Chile, watu wakisema na kundi hutumia ustedes, na ustedes huazima umbo la "wao": ustedes hablan. Habláis imebaki Hispania, na hata huko, visiwa vya Canaria havina haja nayo sana. Amerika nzima imeiacha, lakini jedwali limeitunzia kiti chake cha tano mpaka leo. Mwanafunzi anayetaka kwenda Bogotá tu anaikariri kwa heshima, kama ilivyo ada mbele ya wazee. Kisha huko Buenos Aires na Montevideo "wewe" ni vos: vos hablás, vos comés, vos vivís. Mwenye sikio keshashtuka. ¿Dónde vivís? Madrid ni swali kwa kundi: mnaishi wapi? Buenos Aires anaulizwa mtu mmoja, rafiki. Aliyesomea Madrid akiulizwa hivyo na Mwajentina hugeuka nyuma kuona ni nani mwingine amekuja.

Adabu nayo imo. Usted, yaani "wewe" wa heshima, lilitokana na vuestra merced, namna ya kumtaja mtu kwa hisani yake badala ya kumwambia moja kwa moja, ndiyo maana kitenzi chake huvaa umbo la "yeye". Kwetu hilo si geni. Unamkaribia mzee aliyeketi mbele yako na kumuuliza, "Mzee anakunywa chai?" Wahispania wameifanya adabu hiyo kuwa kanuni. Ndipo ikawa habla ni yeye mwanamume, ni yeye mwanamke, na ni wewe mheshimiwa, na kazi ya kutambua nani ni nani ni ya msikilizaji.

Sasa nifike kwenye sifa ambayo watu wa siasa na uhasibu wangeijengea mnara, kama wangekuwa watu wa shukrani. Katika kundi la -ar, umbo la "sisi" la wakati uliopo na la wakati uliopita ni moja. Trabajamos ni tunafanya kazi, na trabajamos ni tulifanya kazi. Kibarua anakwenda dirishani kuulizia mshahara wake, na mhasibu, bila kuinua macho, anamjibu: pagamos. Tunalipa? Tulilipa? Sarufi haimbani. Kundi la -ir nalo ni hivyo hivyo: cumplimos, tunatimiza ahadi, cumplimos, tulizitimiza. Bango moja linatosha kwa kampeni na kwa miaka yote ya utawala, na kitambaa hakipotei. Kundi pekee lililokataa mchezo huu ni la -er. Comemos ni tunakula, comimos ni tulikula, na hakuna kujificha. Ndiyo kusema, katika Kihispania mtu anaweza kuvuta pazia juu ya kazi, malipo na ahadi, lakini kula hakufichiki. Lugha iliyoona mbali.

Wadaiwa nao wamekumbukwa. Wakati uliopo wa Kihispania hukubali kubeba mambo ya kesho bila kubadili nguo: mañana te pago, kesho nakulipa. Umbo ni la sasa, fedha ni za kesho, na kesho yenyewe kila mtu anaijua. Wahenga wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wahispania wamepata kitenzi kinachoifanya harusi iendelee.

Wapo wanaodhani jedwali hili lilizuka lenyewe ili kuwaonea wanafunzi. Hapana, lina ukoo na lina tarehe. Antonio de Nebrija alitoa sarufi yake ya Kikastilia huko Salamanca tarehe 18 Agosti 1492 na kumtunukia Malkia Isabel. Nebrija mwenyewe anasimulia katika dibaji kwamba malkia alipoonyeshwa kazi hiyo aliuliza ina faida gani, swali ambalo wanafunzi wanaendelea kuliuliza. Askofu wa Ávila ndiye aliyejibu kwa niaba ya Nebrija: mataifa yenye lugha ngeni yakishashindwa, yatalazimika kupokea sheria za mshindi na lugha yake pamoja nazo, na kitabu hiki kitayafundisha. Kolombo alikuwa ameng'oa nanga Palos tarehe 3 ya mwezi huo huo na hajaona kisiwa chochote kipya. Jedwali lilikuwa tayari, wanafunzi walikuwa bado hawajakamatwa.

Walipokamatwa, na baada ya karne tatu wakajikomboa, walifuta vyeo vya mfalme, wakabadili bendera na kuandika katiba. Jedwali hawakuligusa. Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas, alichapisha Santiago mwaka 1847 sarufi aliyosema wazi kuwa ni kwa matumizi ya Waamerika, na -o, -as, -a zimo humo zimetulia. Sijui utawala mwingine uliopinduliwa kote namna hiyo ukabaki na jambo lake moja bila mtu kulalamika.

Akademia ya Kifalme ya Hispania, iliyoanzishwa mwaka 1713, nayo imechangia fasihi bila kukusudia. Vitenzi vyake vya mfano kwa makundi matatu ni amar, temer na partir: kupenda, kuogopa, kuondoka. Kwa mpangilio huo huo. Nimesoma riwaya nene zilizosema machache kuliko hayo.

Utiifu wa vitenzi hivi umefika mbali kuliko utiifu wa malaika. Coger ikifika kwa "mimi" inaandikwa cojo, vencer inakuwa venzo. Herufi imebadilishwa ili sauti isibadilike. Kilele cha uaminifu ni delinquir, kutenda uhalifu. Nafsi ya kwanza ni delinco. Yaani mhalifu akikiri kosa lake anaghushi tahajia, na anaighushi ili abaki ndani ya kanuni.

Maneno mapya nayo hayana shaka yajiunge wapi. Tuitear, kutwiti, iliingia katika kamusi ya Akademia mwaka 2014, na siku hiyo hiyo kila mtu alijua kusema tuiteo, tuiteas, tuitea. Hakuna kamati iliyokaa.

Ninalo ombi moja kwa walimu wa Kihispania wa huku kwetu, hasa wanaowafundisha waongoza watalii wa Arusha na Zanzibar. Zipo programu za simu zinazofundisha Kihispania cha Amerika na kuiruka habláis, na mwanafunzi anashukuru kwa kupunguziwa mzigo. Msimpunguzie. Andikeni ubaoni mistari yote sita, msome wote kwa sauti, mrudie. Wageni wanaoshuka Kilimanjaro wakitoka Madrid wanaambiana habláis, coméis na vivís tangu kwenye ngazi za ndege.