Yah: Ombi la Kupatiwa Mgogoro wa Bwawa la Kuogelea

Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani,
Halmashauri ya Manispaa ya Bukoba.



Sisi wakazi tunaomba mgogoro wa ukarabati wa bwawa la kuogelea la umma. Mtauliza bwawa lipi, mbona hatulioni. Hilo tumelifikiria. Mji huu umeshaonyesha kuwa mgogoro unaweza kukua, ukanenepa na kufika Dodoma huku mradi wenyewe ukiwa bado uko kwenye karatasi.

Mnakumbuka ule wa 2012: soko kuu lijengwe upya, viwanja vigawiwe, stendi iende Kyakailabwa. Meya Anatory Amani upande huu, Mbunge Khamis Kagasheki upande ule, wote CCM, kwa hiyo tukakosa hata wapinzani wa kuwasingizia. Agosti 2013 madiwani 8 wakavuliwa uanachama mkoani, Kamati Kuu ikatengua. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) akaletwa kukagua. Januari 2014 ripoti ikasomwa, meya akatangaza kuachia ngazi. Soko likabaki pale pale na matope yake. Kwa mkoa wa kina Nshomile, yaani wasomi wa Kihaya, kubishana kwa kiwango hicho ni heshima, na tungesikitika kuona kipaji kinakaa bure.

Mtatuuliza bwawa la nini, na Ziwa Victoria liko hapo chini. Kweli liko. Ila lina kichocho, halina mwalimu, na hakuna aliyeandika popote kina kinaanzia wapi. Kwa sasa somo la kuogelea Bukoba na Muleba linafundishwa na wazazi, na linafundishwa kinyume: mtoto akirudi jioni, mama anamkwaruza mkono kwa ukucha. Ukibaki mstari mweupe, ametoka ziwani, analambwa fimbo. Wenye uwezo wanawapeleka wanao kwenye mabwawa ya hoteli. Wengine tunasubiri mvua kubwa, Mto Kanoni ufurike utufungulie bwawa la umma bila zabuni.

Na huu ni mji ambao jina lake liliandikwa ubavuni mwa MV Bukoba, meli iliyozama na mamia ya watu Mei 21, 1996. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air iliangukia majini karibu na uwanja wetu ikiwa na watu 43. Waliotangulia kuifikia ni wavuvi. Kijana Majaliwa Jackson alikwenda na kasia, akaupiga mlango nalo. Walitoka hai 24, 19 wakafariki. Baadaye Majaliwa akapewa ajira Zimamoto na Uokoaji, na tulifurahi. Lakini wavuvi wale hawakufundishwa na halmashauri yoyote. Tungependa wa kesho wafundishwe, hata kama ni katikati ya ubishi.

Ubishi hautakosekana. Bwawa la mita 25 kwa 10, lenye kina cha wastani wa mita moja na nusu, linameza lita 375,000 za maji. Bili ya maji ya BUWASA alipe nani? Klorini inunuliwe na idara ipi? Pampu ikiungua, fundi asubiri sahihi ngapi? (Mabwawa mengi huuawa na swali hili la mwisho, wala si nyufa.) Kiingilio kiwe kiasi gani ili mtoto wa Kashai aingie na mtunza bwawa alipwe mshahara? Wasichana wapewe siku yao? Na ufunguo wa chumba cha pampu ukae kwa nani? Huo peke yake unatosha vikao viwili.

Tunaomba badiliko moja tu la utaratibu: safari hii mgombane kabla ya zabuni. Mchoro na makadirio ya gharama vibandikwe ubaoni, kwa Kiswahili, na kwenye ofisi za kata. Waitwe walimu wa michezo, wavuvi, Zimamoto na watu wa afya, waulizwe kabla hakujavunjwa hata kigae. Diwani mwenye shemeji mkandarasi aseme mapema, atoke nje, tumpelekee chai huko huko. Mwenye pingamizi aliandike, lijibiwe kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha robo mwaka. Baada ya hapo mkataba usainiwe, na atakayetaka kuuanza mgogoro upya aufanyie ndani ya maji, upande wa kina kirefu.

Tunajua ombi la kugombana mapema ni zito. Mgogoro wa mapema hauna posho ya safari ya Dodoma.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa kata ya Bilele,
asiyejua kuogelea.

Nakala: Mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya ya Muleba, kwa taarifa. Kwa kuwa ninyi mna visiwa, Bumbire, Goziba, Ikuza na vingine, na wapiga kura wenu huja hospitali kwa boti, tunapendekeza msisubiri mgogoro wa kwetu uishe. Anzeni wenu.