Inua Gari, Shusha Mabega

Milimani yetu hapa Nakuru ina lami na kivuli cha jakaranda. Gari lolote dogo hufika dukani na kurudi salama. Kwa hiyo kabla hujagusa spana, jibu swali moja: unainua pikapu ili iende wapi? Kama ni ili jirani aione juu ya ukuta, ipake rangi mpya. Rangi ni rahisi, na haipindui gari. Lakini kama ni Land Cruiser ya miaka ya 80 au 90, yenye springi za bapa mbele na nyuma, na kila Jumamosi inaingia matope ya Molo kuchukua viazi, njoo tufanye kazi.

Jua kwanza unachonunua. Springi mpya haziinui difu. Difu imo kwenye ekseli, nayo ekseli inabebwa na tairi, kwa hiyo jiwe lililoigonga jana litaigonga kesho. Kinachopanda ni chesisi, bodi na tangi, pamoja na nafasi ya kuvalisha tairi kubwa zaidi. Inchi 2 zinatosha. Wapo watakaokutajia magari ya Rhino Charge, mashindano yanayoendeshwa tangu 1989 kuchangia uhifadhi wa msitu wa Aberdare, wakuambie ufike inchi 6. Madereva wale wamefungwa mikanda ndani ya vizimba vya chuma. Wewe unateremka Salgaa na watoto na magunia ya viazi, na kadiri uzito unavyokaa juu zaidi ndivyo gari linavyolala kwenye kona.

Tafuta mahali tambarare, maana mtaa huu haukuitwa Milimani bure. Pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi, uandike. Pikapu kuukuu mara nyingi imelala upande wa dereva, na usipopima leo, kesho utailaumu springi mpya kwa kosa la miaka 30. Jioni hiyohiyo loweka nati zote kwa mafuta ya kutu.

Asubuhi, inua kwa jeki, kisha chesisi ikae juu ya stendi za chuma. Usitumie matofali! Tofali hupasuka bila kupiga hodi. Udongo wetu una majivu ya Menengai, laini kama unga, kwa hiyo tandika ubao mnene chini ya kila stendi. Vaa miwani pia. Ukigonga springi ya zamani, vumbi la miaka yote lililoshikana na grisi huanguka moja kwa moja machoni.

Ukilegeza springi za zamani na ekseli ikianza kushuka, tazama paipu ya mpira ya breki. Ikikaza kama kamba ya mbuzi, simama hapo hapo. Weka paipu ndefu zaidi na utoe hewa kwenye breki. Nyuma, magari mengi ya aina hii yana vali inayopima mzigo kwa kijiti kilichounganishwa na ekseli. Ukiinua chesisi, vali hudhani gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu. Rekebisha kijiti hicho siku hiyohiyo. Hapa ndipo mafundi wengi huharakisha, na jambo hilo hunikera sana, kwa sababu kosa lenyewe halionekani mpaka siku ya kushika breki kwa ghafla.

Fundi akikuletea kipande cha bomba alichochomelea ili kikae kati ya ekseli ya mbele na springi, mpe chai na umkatalie. Breki zikishika, ekseli hujaribu kujizungusha, na kipande hicho huipa nguvu ya kufanya hivyo. Yubolti kuukuu, zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, nazo zitupe, kwani zimeshavutika.

Bolti za bushi usizikaze gari likiwa hewani. Lishushe likanyage chini kwa uzito wake, litikise, ndipo ukaze. Ukikaza mapema, mpira wa bushi hukaa umejipinda kila siku ya maisha yake, na hauchelewi kuchanika. Nati za yubolti zikaze kwa kupishana, kona kwa kona.

Jaribu usukani polepole. Kama haurudi wenyewe baada ya kona, lipeleke gari kwa mtu wa alaimenti apime na aweke kabari kati ya springi na ekseli. Usiku, simamisha gari mbele ya ukuta, ushushe taa. Sasa zinapiga juu zaidi, na dereva wa matatu anayetoka Njoro anahitaji macho yake.

Baada ya kilomita 500, rudi chini ya gari na spana. Nati za yubolti ni 16. Kilomita zangu za mwisho zilikuwa za safari ya Molo, kwenda na kurudi mara kadhaa, na nati 3 zilikubali robo mzunguko.