Barua ya Wazi kwa Kamati Inayohesabu Makala

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Shahada za Juu,
Chuo Kikuu (jina mnalijua wenyewe).

KUH: MAENDELEO YA WANAFUNZI WA UZAMIVU, KOMPYUTA NA UHANDISI

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima naipongeza Kamati yako kwa kazi nzito ya kutulinda tusihitimu mapema. Kanuni zenu nimezisoma zote: ripoti ya maendeleo kila miezi sita, yenye sahihi za wasimamizi wawili ambao hawajawahi kuwa mjini wiki moja, notisi ya nia ya kuwasilisha tasnifu, miezi mitatu kabla ya kuiwasilisha, na kilele chake, makala mawili katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu. Hili la makala mawili najua hamkulibuni ninyi, limo katika viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya vya mwaka 2014. Ninyi mmelitia chumvi tu: makala ya kongamano hayahesabiwi.

Wenzetu wa historia hawana neno. Sisi wa kompyuta ndio wenye fani isiyo na adabu, kwani mambo yake makubwa huyatangazia makongamanoni. Jarida zuri laweza kukaa na kazi yako mwaka mzima, na likikujibu programu uliyoiandikia imeshazeeka. Kongamano zuri lina tarehe: unapeleka, wahakiki wanakuchambua bila huruma, na baada ya miezi michache umejua moja.

Ili kuisaidia Kamati, nimekusanya majina ya wakosaji. Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa uzamivu wa Stanford, Sergey Brin na Larry Page, walipeleka Brisbane, Australia, makala kuhusu mtambo wa kutafutia kurasa walioupa jina Google. Walipeleka kongamanoni! Sifuri. Na shahada zenyewe hawakuzimaliza, ishara tosha kwamba hawakujaza ripoti ya miezi sita. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, mwanafunzi wa Toronto, pamoja na Ilya Sutskever na msimamizi wao Geoffrey Hinton, walionyesha katika kongamano la NIPS jinsi kompyuta inavyofunzwa kutambua picha. Sifuri. Hinton alikuja kupewa Nobel ya fizikia mwaka 2024, ila huko Stockholm hawana msimamo kama wenu. Mwaka 2017 kongamano hilohilo lililetewa makala 3,240, likakubali 678. Miongoni mwake yalikuwamo ya watafiti wanane waliobuni muundo wa akili bandia uitwao transfoma, ambao ndio T ya mwisho katika ChatGPT. Sifuri mara nane. (Mjumbe anayeandikiwa kumbukumbu za vikao na ChatGPT simtaji.)

Mtasema makongamano mengine ni ya kitapeli. Ni kweli. Mwaka 2005 wanafunzi wa MIT waliunda programu ya kutunga makala yasiyo na kichwa wala miguu, na kongamano moja likakubali utungo wake. Lakini majarida je? Mwaka 2013 John Bohannon, mwandishi wa jarida la *Science*, alituma makala bandia kuhusu dawa ya saratani kwa majarida 304, na 157 yakayakubali. Waandishi aliowabuni aliwapa majina ya Kiafrika na vyuo vya Afrika visivyokuwapo, akitumaini kwamba mhariri akikosa habari zao mtandaoni hatashtuka. Hapo ndipo paliponichoma mimi. Mwaka uliofuata Peter Vamplew, mhadhiri wa Australia, alilitumia jarida moja la teknolojia ya kompyuta makala yenye sentensi moja tu iliyorudiwa mwanzo hadi mwisho, ikiwataka kwa matusi waache kumwandikia barua pepe. Wakayasifu, wakayakubali, wakadai dola 150. Hakulipa. Angelipa, kwa hesabu yenu angekuwa amebakiza moja tu ahitimu.

Sasa mtazameni mwanafunzi ambaye karo inamdai kila muhula. Kongamano lenye hadhi ni sifuri. Jarida lenye hadhi ni mwaka wa kungoja, pengine na kukataliwa. Jarida la kulipia ni siku saba na alama kamili. Kanuni yenu haikumwambia akanunue. Imemwelekeza tu duka lilipo na kumfungia milango mingine.

Na wahandisi? Jirani yangu wa maabara ameunda pampu ya maji inayoendeshwa na jua. Inafanya kazi, na watu wanachota. Katika fomu yenu hakuna kisanduku cha pampu.

Idara ya kompyuta iko ghorofa moja chini ya ofisi yenu, na mngeweza kuwauliza walimu wake ni makongamano gani wao wenyewe huyaheshimu, orodha ikapatikana kabla ya chai ya saa nne. Kama ngazi hizo ni ndefu mno kuzishuka, basi naomba hivi: katika jedwali la karo, kati ya ada ya maktaba na ada ya michezo, ongezeni mstari wa "makala mawili". Tutalipa kwa M-Pesa, tupewe risiti, na wahakiki tuwaache wapumzike.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa kadhaa