Mpira Ukiangukia kwa Mamba

 Wazee wa Pangani, juzi kijana wenu nusura aombe ruhusa ya ugonjwa kwa sababu ya kucheka. Lori lilifika asubuhi kwenye nyumba ambayo anatunza bustani yake, hapa kisiwani Hilton Head, jimbo la South Carolina, Marekani, likashusha marobota. Mtu wa Tanga akisikia robota anajua ni katani. Haya yalikuwa majani makavu ya msonobari. Yamenunuliwa. Na yana risiti.

Sasa subirini. Nyumba yenyewe imezungukwa na misonobari, na misonobari hiyo inaangusha majani hayo hayo usiku na mchana: juu ya paa, juu ya magari, juu ya kofia ya kijana wenu. Kazi yake ya kwanza kila kukicha ni kuyafukuza, na ufagio haruhusiwi. Anavishwa mgongoni injini yenye bomba, aina ile ile ambayo ndugu zetu wa Mtwara hupulizia salfa kwenye mikorosho, lakini hii haina salfa wala dawa yoyote. Inatoa upepo mtupu, na kelele za kumtoa pepo aliyekubuhu. Anapeleka upepo kwenye majani, majani yanakimbilia kwa jirani. Jirani naye ana kijana wake, Mguatemala mpole, aliyevaa mashine kama hiyo. Anayarudisha. Kuna adhuhuri walisimama hivyo, kila mmoja kwenye mpaka wake, majani katikati yakizunguka yasijue pa kutua. Mwisho yanaingizwa kwenye mifuko na kuondoshwa. Kisha lori linaleta marobota, na kijana wenu huyo huyo anakata kamba na kutandaza majani ya msonobari chini ya maua.

Alipohoji, aliambiwa kwamba ya kununua ni bora: yanatoka kwenye msonobari uitwao longleaf, ambao majani yake hupita sentimita 20, na yote ni ya rangi moja. Kwa haki lazima isemwe kuwa wanajua wanachofanya. Udongo wa hapa ni mchanga, mvua za kiangazi zinashuka kwa kishindo, na majani hayo hushikana yasisombwe na maji, yakazuia magugu na kutunza unyevu. Bibi anafanya hivyo hivyo kwa makumbi ya nazi, tofauti ni risiti tu.

Nazi zenyewe, jamani, msiulize. Siku aliyofika, kijana wenu alipoona minazi imejipanga tangu daraja la kuingilia kisiwani, moyo ulitulia. Akainua macho kuhesabu madafu. Hakuna. Akaenda mti wa pili, wa tatu. Kumbe ni mti uitwao palmetto, mchikichi wa huku, unaozaa vitunda vyeusi vidogo kama punje za pilipili manga. Umepewa heshima ya kuchorwa kwenye bendera ya jimbo na hauna hata tui la kupikia bamia. Dukani nazi zipo, zimefungwa kwenye plastiki, na mtu wa kaunta akamuuliza yeye namna ya kuzipasua. Hilo swali lilimfurahisha kuliko mshahara.

Tuje kwa mamba. Ninyi mnaovuka mto kwenda Bweni mnajua adabu ya mamba: humwoni, ila unajua yupo. Huku anaonekana. Ni wa aina nyingine, pua yake pana, hasira zake ndogo kidogo kuliko za wetu, na anaota jua kwenye ukingo wa bwawa mita chache kutoka kwenye meza ya chai ya mtu. Mengi ya mabwawa ya hapa yalichimbwa na watu ili maji ya mvua yapate pa kwenda. Mamba waliona nyumba mpya wakahamia, bila kupitia getini. Mwaka 1967 serikali iliwaweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na kufikia 1987 walikuwa wameongezeka hata wakaondolewa humo. Kuwalisha ni kosa la jinai katika jimbo hili, kwa sababu mamba aliyezoea kutupiwa mikate huanza kumhesabu mtoaji kama sehemu ya mkate, na mwisho wa mamba huyo ni kuuawa.

Wachezaji gofu ndio waliomtungia sheria yake. Kijana wenu alidhani anataniwa, hadi alipoonyeshwa kitabu: Kanuni ya 16.2. Inasema mpira wako ukisimama mahali ambapo mnyama hatari anaweza kukudhuru, unaruhusiwa kuuweka pengine pasipo hatari, bure, bila adhabu ya pigo. Wanyama wametajwa: nyoka wenye sumu, nyuki, siafu wa moto, dubu, na huyu mamba. Yaani waungwana walikaa kikao, wakapiga kura, wakakubaliana kwa maandishi kwamba mtu asiadhibiwe kwa kukimbia. Kijana wenu amekua akikimbia bila kibali cha kamati yoyote. Siku hizi akipita na mashine yake akamkuta mamba kalala njiani, anasimama, anazima injini, na kunong'ona namba ya kanuni.

Kuna picha maarufu ya mwaka 1962 ya Charles Fraser, aliyeanzisha makazi ya Sea Pines kisiwani hapa, akitembea na fimbo na kofia yake, mamba akiwa kando yake kama mgeni aliyealikwa. Imetengenezewa sanamu ya shaba. Bwana huyo alitaka nyumba zifichwe na msitu, zipakwe rangi za udongo na magome, na miti isikatwe ovyo. Kuna mwaloni pale bandarini Harbour Town alioukinga usikatwe. Alipofariki mwaka 2002 alizikwa chini yake. Umejaa ndevu za kijivu zinazoning'inia, mmea wa ukoo mmoja na nanasi. Pangani mti wenye ndevu kama hizo ungekuwa na mganga wake zamani sana.

Umbali mfupi kutoka kwenye mwaloni huo, kati ya nyumba za kupangisha wageni, kuna makaburi mengine: ya Wagullah, wajukuu wa Waafrika waliolimishwa pamba na mpunga visiwani humu. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiendelea, watu wao walijijengea hapa mji wa watu huru, Mitchelville. Hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1956, wakazi wa kisiwa kwa sehemu kubwa walikuwa wao, wakivua na kulima. Sasa kumzuru babu ni kupitia getini. Kijana wenu alifika pale siku ya mapumziko yake, akakaa muda, hakupata mzaha wowote wa kuwaandikia. Njiani alikuta mama wa Kigullah akishona kikapu kwa nyasi na majani ya msonobari. Hakuyanunua, aliyaokota.

Jambo la taa nalo. Kuanzia Mei hadi Oktoba, ikifika saa nne usiku, taa zote zinazoonekana kutoka ufukweni zizimwe, maana kasa wanataga. Kitoto cha kasa kikianguliwa hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao tangu kale ulikuwa bahari. Taa ya veranda hukipeleka barabarani. Hata tochi lazima iwe nyekundu. Basi matajiri wenye nyumba za mamilioni wanakaa gizani, wakipapasa glasi, huku usubi ukiwatafuna, na wanajisifu. Huko kwetu giza huja lenyewe, tena saa mbili, wakati wa tamthilia. Kijana wenu ndiye pekee mtaani anayetembea usiku bila kujikwaa. Majirani wanadhani ni kipaji.

Baba mkubwa ameuliza kama anaweza kuja kuvua. Anaweza, akikata leseni kwanza. Lakini ajue samaki anapimwa kwa rula: aina moja wanayoipenda sana, red drum, akiwa mdogo anarudishwa, akiwa mkubwa anarudishwa, na wa katikati ndiye wa kuliwa, kama mvuvi hajaamua kumpiga picha, kumbusu na kumrudisha kwa hiari yake. Wengi wanamrudisha. Kijana wenu alisimama kando akimwangalia mzee mmoja akiachia majini kitoweo cha familia nzima, akajikuta anasema kwa sauti, kwa Kiswahili, maneno ambayo mama hapaswi kusomewa. Kwa hiyo, baba mkubwa, vua huko huko, na changu mmoja mkaushe vizuri, umkabidhi mtu yeyote anayekuja huku. Wa saizi yoyote.