Ua la Wiki Mbili

Mwaka 1933 wabunge wa jimbo la Tennessee waliamua kuwa ua lao rasmi ni airisi. Rangi hawakuitaja. Kiwavi wake naye hawakumtaja, na hapo ndipo ugomvi wangu nao unapoanzia.

Hapa Nashville airisi huitafuti, inakutafuta. Kila baada ya miaka mitatu au minne lazima matunguu yang'olewe na kugawanywa, la sivyo yanabanana na kugoma kutoa maua. Matokeo yake, kila bibi mwenye bustani ana ndoo iliyojaa matunguu yanayofanana na tangawizi, naye anasaka mgeni wa kumkirimu. Mgeni nikawa mimi. Nikapokea kwa mikono miwili, kama tulivyolelewa.

Mwezi wa tano yakachanua. Mazuri, sibishi. Wiki mbili, yamekwisha. Kiwavi yeye ana ajira ya mwaka mzima. Mwezi wa tisa na wa kumi nondo hutaga kwenye majani makavu, na mayai hulala humo baridi yote. Mwezi wa nne kiwavi anaanguliwa, anatoboa jani changa, anaingia ndani na kuteremka huku akila. Ikifika Julai yumo tunguuni, mnene, rangi ya waridi, urefu karibu sentimita 5, na alikopita bakteria wanaozesha kilichobaki. Harufu yake siielezi, huenda msomaji yuko mezani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walibahatika wao: nguo unaivua, unaikung'uta.

Ushauri ninao wa kugawa. Mmoja ananiambia nikiona mstari wa majimaji kwenye jani, niliminye kwa vidole nimponde humohumo. Naminya, na wapita njia wanadhani naipa mimea pole. Mwingine anasema ninunue nematodi, yaani nitoe pesa kuingiza minyoo kwenye bustani inayolalamikiwa kwa viwavi. Wote wanakubaliana kuwa dawa ya kweli ni kuzoa majani makavu yote kabla majira ya machipuko hayajafika, mayai yakiwa bado humo. Maana yake nishike reki kwenye baridi, meno yakigongana, nipigane na adui ambaye hajazaliwa kwa ajili ya ua ambalo halijachanua.

Jumapili nikampigia mama Morogoro, nikampa shikamoo, nikamwaga malalamiko yote. Akasikiliza hadi mwisho.

"Hayo maua, mwanangu, yanaliwa?"

"Hayaliwi, mama. Hata kulungu waliomaliza maharage yangu hawayagusi."

"Unayauza?"

"Siuzi."

"Na huyo mdudu?"

"Yeye anakula."

"Basi shamba ni lake. Wewe kibarua. Ulizia mshahara."