Sifa za Mzoataka wa Kadi

Ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, iliingia ukumbini saa tatu usiku, majani mdomoni, imebebwa na wajomba wanne, kinamama nyuma yao wakipiga vigelegele. Kamera yangu ilirekodi hatua zao saba au nane za kwanza. Kisha onyo likatokea kwenye kioo kwamba kadi haiwezi kupokea kwa kasi inayotakiwa, na kurekodi kukakoma. Nilipoiwasha tena, ndafu ilikuwa imeshakatwa na bibi harusi alikuwa anamlisha mkwewe.

Aliyenitenda hivyo ndiye ninayemsifu leo. Anaishi ndani ya kila memori kadi na kila diski ya SSD, na kazi yake ni kuzoa taka. Wenzangu wa kazi humtukana. Sisi watu wa Moshi tungepaswa kuwa wa mwisho kumtukana, maana mji wetu umetajwa kwa usafi miaka mingi, na mgeni akidondosha ganda la muwa pale stendi, mtu asiyemjua atamuuliza anamwachia nani. Ila tukubali: usafi tunaupenda, msafishaji tunataka apite alfajiri tukiwa tumelala, na lori lake lisituzibie njia.

Fadhila yake ya kwanza ni kwamba hamtupi aliye hai. Kwenye flashi, kumbukumbu iliyomo ndani ya kadi na diski hizo, huwezi kuandika juu ya maandishi. Inaandikwa ukurasa kwa ukurasa, kilobaiti chache kila mmoja, lakini inafutwa bloku nzima, mamia ya kurasa kwa mpigo. Ukibadilisha faili, nakala mpya hupelekwa kwenye ukurasa mtupu, na ya zamani inabaki palepale, imekufa haijazikwa. Mzoataka hutafuta bloku yenye wafu wengi, akawahamisha walio hai mmoja mmoja mpaka mahali salama, ndipo akafuta. Kusoma ukurasa huchukua makumi ya mikrosekunde na kuandika mamia. Kufuta bloku huchukua milisekunde kadhaa, na kwa kadi huo ni muda mrefu. Bwana Fujio Masuoka wa Toshiba alipobuni kumbukumbu ya aina hii miaka ya 1980, mwenzake Shoji Ariizumi ndiye aliyependekeza jina, kwa kuwa kufutika kwake kwa mpigo kulimkumbusha flashi ya kamera. Sisi wapiga picha ndio tuliotoa jina, na jina lenyewe linasifu kufuta. Kuandika hakukutajwa.

Anayetaka kumwona akiwa kazini aende nyumba yoyote ya Uru au Kibosho wiki ya Krismasi. Wachaga wote wamerudi, nyumba imejaa mpaka barazani. Jioni shangazi anashuka na mabegi kutoka Dar es Salaam. Ili apate kitanda kimoja, watoto watatu wanapelekwa sebuleni, kijana wa sebuleni anahamia stoo, magunia ya mahindi ya stoo yanatolewa nje na kufunikwa turubai. Mgeni mmoja, nyumba nzima imehama. Kwenye diski iliyojaa mambo ni hayohayo: wewe umeandika gigabaiti moja, ndani zimeandikwa tatu. Na kila bloku ina siku zake. Flashi ya kawaida ya leo, ile ya biti tatu kwa kila seli, huvumilia kufutwa kama mara elfu moja hadi tatu, basi. Nafasi ikiwepo hakuna wa kuhamishwa: mwezi wa pili shangazi huyohuyo angekuta vyumba viwili vitupu.

Fadhila ya pili ni unyenyekevu: hulaumiwa kwa makosa ya wengine. Usiku ule kosa lilikuwa langu. Msimu mzima, kipaimara baada ya kipaimara, nilikuwa nafuta vipande kimoja kimoja ndani ya kamera ili nipate nafasi ya kuendelea, kadi ikawa na matundu kila upande. Mbaya zaidi, ukifuta faili kadi yenyewe haipati habari. Linaondolewa jina kwenye orodha tu. Mzoataka akaendelea kuhamisha kwa heshima zote sherehe nilizokwisha kuzisahau, kama mtu anayemtunzia kitanda mpangaji aliyehama. Kompyuta zina amri ya kumpasha habari, iitwayo trim. Windows imekuwa nayo tangu 2009 na Linux tangu 2010. Kwa upande wa kadi, dawa ni kunakili kila kitu nyumbani, ukahakikisha, kisha ukaifomati yote. Kamera kadhaa zikifomati huiambia kadi kwamba sasa yote ni matupu. Mzee wa watu anapumua.

Anachodai ni nafasi na muda wa kupumzika, na wazee wetu walilijua hilo kabla ya Toshiba. Kwenye mifongo, mifereji yetu ya kumwagilia, walichimba nduwa, bwawa dogo linalokusanya maji usiku, asubuhi likafunguliwa maji yakafika shambani yana nguvu. Watengenezaji wa diski nao huficha nduwa yao. Diski yenye flashi ya takriban tera moja huuzwa kama gigabaiti 960, na ile ya wanaoandika mchana na usiku huuzwa kama 800. Unapewa pungufu, unalipa zaidi, na ni haki. Kwenye kadi tazama alama ya V: V30 maana yake kasi haitashuka chini ya megabaiti 30 kwa sekunde, kadi ikiwa imeandaliwa vizuri. Ile namba kubwa iliyochapwa usoni ni ya mbio fupi, na ndafu haiingii ukumbini kwa mbio fupi.

Nilipanda Uru Jumatatu yake na jani la isale mkononi, maana kwetu mtu aliyepelekewa isale hakatai kusamehe. Baba wa bwana harusi alilipokea, akaligeuzageuza.

“Mbuzi tulimla, mwanangu,” alisema. “Shida ni kwamba hatuna ushahidi.”

Nikaanza kumweleza habari za kurasa na bloku. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama huyo mzoataka analipwa. Nikasema halipwi. Akatikisa kichwa, akaniambia basi kazi anaifanya vizuri mno.

Desemba hii nimepokea kazi za Jumamosi tatu. Moja nimeiacha tupu.