Kubeba Baiskeli kwa Adabu

Yeyote anayesema kwamba namba ya gari ni lazima isomeke wakati wote hajawahi kusimama kando ya barabara itokayo Homa Bay Jumapili jioni. Hiyo ndiyo saa wageni wetu wa Nairobi wanaporudi kwao na samaki. Kwa kuwa hakuna anayetaka gari linuke mbuta hadi Krismasi, samaki hapakiwi ndani. Anapitishwa waya mashavuni na kuning'inizwa kwenye bampa ya mbele, apigwe na upepo njia nzima. Na mbuta wa haja huanzia upande huu wa namba na kuishia upande ule. Gari linakuja, unaona jicho, unaona mkia, na pembeni labda herufi K. Sijaona hata mmoja akisimamishwa kwa sababu ya mbuta.

Hayo ni ya mbele. Ya nyuma tumewaachia watu wa Probox. Namba ya nyuma ya Probox imefungwa kwenye mlango wa buti, na mlango huo, kutoka Migori kupita Awendo na Rongo hadi Homa Bay, hufungwa tu gari likiwa gereji. Ndani kuna magunia ya omena, kuku waliofungwa miguu, na abiria wawili walioketi wakitazama walikotoka. Mlango umeinuliwa juu na kukazwa kwa blada. Namba basi inatazama mawingu. Rubani anayeshuka Kabunde angeweza kuinakili bila shida, ila sisi tulioko chini tunabaki kukisia.

Sina ubaya na Probox, nimezipanda sana, tena kwenye hilo hilo buti. Ugomvi wangu ni wa keria.

Shemeji yangu anayeishi Uingereza aliniletea keria ya baiskeli, ile ya kufunga nyuma ya gari kwa mikanda na ndoano. Aliiweka mezani kwa fahari. "Shem, hii mambo ya kufunga vitu na blada muachane nayo," akaniambia. Keria ilikuja na kijitabu, na kijitabu kilijaa maonyo. Mojawapo lilikuwa la namba ya gari, na shemeji akanifafanulia kwa kirefu, maana akianza kueleza mambo ya huko hasimami.

Kumbe kwa Waingereza keria ikiziba namba ya nyuma, unatengeneza namba ya tatu, ya njano vilevile, unaifunga kwenye keria yenyewe. Ukipuuza, faini inaweza kufika pauni 1,000. Hata trela ndogo inayovutwa na gari hubeba namba ya gari hilo. Poland nayo hutoa namba ya tatu kwa wenye keria, na huko Australia jimbo la Victoria linauza namba rasmi ya keria ya baiskeli. Yaani watu wazima wameketi ofisini, wakaifikiria baiskeli ikiwa imening'inia nyuma ya gari, wakaiandikia utaratibu.

Sisi kwa Mwingereza tulichukua kuendesha upande wa kushoto, tukachukua namba nyeupe mbele na njano nyuma. Hiyo ya tatu nadhani ilisahaulika melini.

Maana hapa kwetu namba ya gari si kitu cha kuagiza hivi hivi. Inatoka NTSA, na hutengenezwa gerezani Kamiti. Hizi za kisasa zilizoanza na KDK mwaka 2022, bei yake shilingi 3,000, zina bendera na alama za siri ili mtu asiziige. Moja ikipotea, unaanzia kituo cha polisi kutafuta abstrakti. Fundi wetu wa mabango hapa Migori anaweza kukuchorea ng'ombe mzima kwenye ukuta wa bucha, mpaka kope, lakini ukimwomba akuandikie namba ya gari anauliza umetumwa na nani. Kwa hiyo hiyo namba ya tatu, ambayo kwa shemeji ni kutii sheria, kwangu ni kughushi.

Nilikuwa nimeisahau keria mpaka kijana wangu alipopata kazi ya kufundisha nje kidogo ya Homa Bay, akaomba Black Mamba ya marehemu babu yake. Mnaijua Black Mamba. Chuma kitupu, stendi ya chuma, keria ya chuma, kengele inayosikika ng'ambo ya mto. Nikaifunga nyuma ya gari langu kwa mikanda ya Uingereza, kitabu mkononi, mke wangu akinisomea hatua kwa hatua na kuongeza za kwake. Ilikaa vizuri ajabu. Ila gurudumu la nyuma lilitua katikati kabisa ya namba. Nami, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, nikakata kadibodi, nikaandika namba yangu kwa kalamu nene, herufi zimenyooka, nikaifunga kwenye baiskeli. Mtoto wa chekechea angeisoma.

Mahali fulani njiani, nisikokutaja, nikapungiwa mkono niegeshe.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni keria, afande. Ya baiskeli."

"Sikuulizi hiyo. Hii ya katoni."

"Hiyo ni namba."

"Imetoka wapi?"

"Nimeiandika. Ile ya kweli imefichwa na gurudumu."

Akazunguka gari. Akachungulia kati ya spoki, akaiona ile ya kweli, akarudi kwenye ile ya katoni, akalinganisha tarakimu moja moja. Zililingana. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Akaniambia kwamba namba isiyofungwa inavyotakiwa ni elfu kumi, na kwa kweli kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinasema hivyo hivyo, elfu kumi, wala hakuongeza hata senti. Nikamweleza habari za Waingereza na namba yao ya tatu. Alinisikiliza kwa makini, kisha akapata wazo.

"Kama hicho kitu kimefungwa nyuma ya gari na kimebeba mzigo, basi ni trela. Na trela hapa Kenya ina namba yake inayoanza na Z. Z yako iko wapi?"

Nikakosa la kusema. Uingereza trela inatumia namba ya gari, hapa inasajiliwa kivyake, hilo ni kweli. Lakini trela ina magurudumu! "Haya si magurudumu?" akauliza, akigusa ya Black Mamba.

Tukiwa katika hoja hiyo Probox ikapita, mlango wa buti juu, miguu ya watu ikining'inia, namba ikiwa mbinguni. Makanga akatusalimia wote wawili kwa jina la Yesu.

Mwisho tulielewana kwamba baiskeli ishuke, kadibodi ichanwe, na mimi niendelee na safari nikiwa raia mwema. Baiskeli je? Hapo hapo akatokea kijana wa boda. "Jaduong', leta," akasema, hata kabla sijauliza bei, ambayo ilikuwa mia tatu. Akailaza Black Mamba nyuma yake, gurudumu moja kushoto na jingine kulia, akazungusha blada mara kadhaa, akavuta fundo kwa meno. Pikipiki ina namba moja tu, nayo iko nyuma. Ya huyu ilikuwa imekunjwa chini ya kiti zamani sana, na sasa ikafunikwa na pedali. Afande akamsaidia kunyanyua.

Nikamfuata hadi Homa Bay, namba zangu zote mbili zikisomeka vizuri, nikikwepa kengele ya babu iliyokuwa imechomoza hadi katikati ya barabara.

Mheshimiwa yeyote anayehusika na kuandika kanuni, naomba kitu kidogo tu. Ama mtuuzie namba ya tatu, hata kwa hizo 3,000, nitalipa. Ama muandike wazi kwamba mzigo ukifungwa kwa blada namba si lazima, na ukifungwa kwa mikanda yenye maelekezo ni elfu kumi. Tutazoea. Tumezoea makubwa zaidi.

Kwa sasa keria inauzwa. Haina mkwaruzo, na kijitabu chake kipo. Bei muongee na mke wangu, kwa sababu anaitumia kuanikia nguo na amekwisha kuitangaza kuwa yake. Anayekuja kuichukua aje na Probox.